Kisima cha Chini

Ugomvi wa Burnel Omeir na shemeji yake ulianzia kwenye ndoo ya kufulia.

Ilikuwa Machi, na kisima cha Burnel kilikuwa kimekauka kama kawaida yake kila kiangazi. Ukitupa ndoo inapiga tope, na ikirudi imebeba kikombe cha maji mekundu. Ilva, mkewe, akapanda kilimani kwa wifi yake kuteka, kama alivyofanya kila kiangazi tangu aolewe. Kisima cha kule juu kilikuwa na ndoo yake, imefungwa kwenye kamba pale pale, na mtu yeyote wa mtaa wa Old Bank anajua kwamba kisimani hushuka ndoo ya kisima tu. Unavuta, unamimina kwenye chombo chako, unakwenda zako. Chombo chako hakigusi maji ya watu. Lakini siku hiyo ndoo ya kisima ilikuwa imepasuka kitako, na Ilva alikuwa na haraka, mama mkwe amelala anasubiri kuogeshwa. Akafungua ile mbovu, akafunga yake. Ilikuwa ndoo aliyolowekea nguo asubuhi ile ile.

Ransel Temple, mume wa wifi yake, alimwona kutoka barazani. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, fundi wa injini za boti, na mdomo wake ulikuwa na sumu hata siku za furaha.

"Wewe! Unatushushia sabuni?"

"Ndoo yenu imetoboka, shemeji. Na hii nimeisuuza."

"Umeisuuza na nini, na mate? Nyumba yenu haina maji ya kusuuzia hata kijiko!"

"Kama mnaona tabu kutugawia maji, semeni."

"Nani kataja maji? Mimi nasema ndoo! Ndoo! Mtu mzima hujui ndoo?"

Alishuka barazani akaipiga teke. Ndoo ilikuwa imejaa. Ilimgonga Ilva chini ya goti, ngozi ikafunguka, naye akakaa kwenye tope mbele ya majirani waliokuja kuteka. Hakuna aliyecheka, ila hakuna aliyemwinua pia.

Burnel alikuwa anakula wali wa maharage alipomwona mkewe anaingia akiburuta mguu, damu imefika kisiginoni. Hakungoja amalize kueleza. Alipanda kilima na kijiko bado mkononi, akamkuta Ransel mlangoni, akampiga ngumi ya mdomo. Jino la mbele likakatika kwenye fizi. Ransel hakuanguka. Alimrukia shingoni, akamng'ata sikio na meno yaliyobaki, wakabingirika wote wawili hadi kwenye shina la mshelisheli, wanapigana kama mbwa walioachiwa utumbo mmoja. Corine, dada yake Burnel, ndiye aliyewatenganisha. Alitumia ubao wa kufulia, akipiga bila kuchagua mgongo ni wa nani.

"Watu wazima!" alikuwa anapiga kelele. "Watu wazima wenye mvi hadi kifuani!"

Ransel akatema jino kwenye kiganja, akalitazama.

"Kanyaga tena hapa, Burnel," alisema. "Kanyaga tu."

Uwanja wote ule, juu na chini, ulikuwa wa marehemu baba yao Burnel na Corine. Mzee alichimba visima viwili kwa mikono yake, kimoja juu kilimani, kimoja chini karibu na ghuba. Alipogawa, cha juu alimpa binti, kwa sababu mwanamke ndiye mtekaji. Cha chini alimpa mwana, kwa sababu Burnel wakati huo alikuwa baharini kwenye meli za kuvua kambakochi, na mtu wa meli anataka nyumba iliyo karibu na gati. Kisima cha juu hakikuwahi kukauka. Cha chini kilikuwa kizuri wakati wa mvua na cha aibu wakati wa jua. Burnel alirudi nchi kavu mgongo ukiwa umeharibika, akaoa, akamchukua mama yake amtunze, na ndipo alipokijua kisima alichorithi.

Kesho yake Corine aliteremka hadi kwenye ua wa kaka yake. Hakuingia ndani.

"Kaka, nimefunga ndoo mpya. Mke wako aje ateke."

"Mumeo aje aombe radhi kwanza."

"Umemng'oa jino."

"Anayo mengine."

Corine akacheka bila kutaka, kisha akajizuia. "Burnel, pale hatumnyimi mtu maji. Wewe unajua. Hata mwizi hatumnyimi. Mama ataoga na nini? Na kiburi chako?"

"Mama ataoga na maji ya kisima chake mwenyewe."

"Kipi? Lile shimo la chura?"

Burnel alimgeuzia mgongo. Alikwenda banda la nyuma akatoa mtaimbo na sepetu. Ilva alimtazama akifunga kamba kiunoni, akajua lililo moyoni mwake kabla hajasema.

"Mama yako hawezi kunywa hasira, Burnel."

"Shika kamba."

Alishuka kisimani peku. Alichimba siku baada ya siku, jua likiwa juu, kwa sababu ndipo mwanga unapofika chini. Ilva akavuta tope ndoo kwa ndoo hadi viganja vikamchubuka. Udongo mwekundu ukaisha, ukaja udongo wa bluu, mzito, unaonata kama unga wa muhogo uliopikwa. Hapo ndipo baba yake alipoishia. Watu wote wenye visima karibu na ghuba huishia hapo, na wakiulizwa watakwambia udongo wa bluu ni sakafu, sakafu haitobolewi. Burnel alikuwa amesikia hayo tangu utotoni, lakini aliyasikia kama mtu anavyosikia mahubiri huku anawaza chakula. Alipiga mtaimbo. Akapiga tena. Mgongo ulimuuma mpaka akatapika mle mle chini, akayafukia matapishi na sepetu, akaendelea.

Sakafu ilipotoboka maji yalitoka na mlio, yakamfika magotini, baridi kama ya mtoni. Alikinga kwa viganja akanywa. Yalikuwa matamu. Alipiga kelele kule chini hadi Ilva akadhani ukuta umemwangukia.

Jioni ile alisimama kwenye mdomo wa kisima chake, uchi wa kifua, tope la bluu limemkaukia mwilini, akaita kilimani:

"Shemeji! Teremka unywe maji ya wanaume!"

Ransel alikuwa anapaka grisi injini ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Kunywa wewe," alisema. "Kunywa. Halafu utaniambia."

Burnel alicheka. Akaenda mtoni, mbali huko, akarudi na samaki wadogo wawili weupe, akawatia kisimani. Kila mtu Old Bank ana samaki wake kisimani. Wanakula viluwiluwi vya mbu, na zaidi ya hapo, ndio walinzi. Samaki akiwa hai, kunywa. Akielea tumbo juu, funika kisima, usiguse hata tone.

Wiki za kwanza alitembea mtaani kama mtu aliyeoa upya. Alikaribisha watu waje kuteka, nao wakaja, wengine kwa shida ya maji na wengine kwa umbea. Jua halikupungua. Upepo wa baharini ulivuma mchana kutwa, na ghuba ilipanda hadi kwenye mizizi ya mikoko. Siku moja Ilva akalalamika kwamba maharage hayaivi.

"Yamechemka tangu asubuhi, bado ni changarawe."

"Ongeza kuni."

"Na sabuni haitoi povu."

"Ongeza sabuni! Mbona unataka nikupikie na kukufulia?"

Mama yake, Mis Odelin, alionja chai akakirudisha kikombe. Alikuwa mzee wa kulala tu, miguu imekufa, lakini ulimi wake haukufa.

"Chai hii mbaya."

"Ni majani, Mama. Nitabadilisha majani."

"Si majani."

Burnel hakumsikiliza. Asubuhi iliyofuata alifunua kisima akawaona samaki wote wawili wanaelea, tumbo juu, macho yamekuwa meupe kama yamechemshwa.

Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni sauti ya Ransel: kunywa wewe, halafu utaniambia. Fundi wa injini ana mafuta. Ana tindikali ya betri. Ana sumu za kila namna kwenye makopo barazani. Na anapita kwenye ua wa Burnel kila siku kwenda gatini.

"Ilva!" aliita. "Mama amekunywa chai leo?"

"Nimempa nusu kikombe. Kuna nini?"

Alikuja akachungulia. Akaweka mkono mdomoni. "Burnel, ngoja. Tuvute ndoo tuone, tunuse..."

"Kisima chenye samaki aliyekufa hakionjwi."

"Kunusa si kuonja! Burnel! Burnel, weka hilo panga!"

Lakini alikuwa ameshalichukua ukutani. Lilikuwa panga la kufyekea, refu, alilolinoa wiki ile kwa ajili ya magugu. Alipanda kilima bila kukimbia. Majirani waliomwona walisema baadaye kwamba walidhani anakwenda shamba.

Ransel alikuwa kwenye benchi la baraza anamenya shelisheli. Aliinua macho, akamwona, akaona na panga.

"Nini tena?"

"Umemuua mama yangu."

"Mama yako? Mama yako yu..."

Burnel alikusudia shingo. Ransel aliinua mkono wa kulia, kama mtu yeyote anavyoinua, na panga likapita kwenye vidole. Vitatu vya katikati vilidondoka kwenye beseni la maganda. Pigo la pili lilimpata begani, likagota kwenye mfupa. Ransel alitoa sauti ambayo si ya mtu, akamrushia beseni usoni, akaanguka nyuma ya benchi. Burnel akalivuta benchi. Alikuwa ameinua panga kwa pigo la tatu Corine alipotoka jikoni na sufuria ya mafuta ya nazi yaliyokuwa yanachemka. Alimmwagia kaka yake mgongoni.

Panga lilianguka. Burnel alikimbia ua mzima akijikuna kama anayetaka kuvua ngozi, kisha akaanguka kwa magoti. Kilichofuata kilikuwa kelele za watu, shuka zinachanwa, mkono wa Ransel unafungwa na unavuja kupitia kila kitambaa. Vidole vilikuwa bado ndani ya maganda. Mtu mmoja aliviokota akavishika asijue avipeleke wapi.

"Ametia sumu," Burnel alikuwa anasema. "Samaki wamekufa. Ametia sumu kwenye kisima changu."

Corine alimsikia. Gauni lake lilikuwa jekundu kuanzia kifuani hadi chini. Aliteremka kilima, watu wakimfuata, akafika kwenye kisima cha kaka yake, akatupa ndoo ya kisima, akavuta. Ilva alijaribu kumshika mkono. Corine alimsukuma. Alichota kwa kiganja, akanywa mbele ya wote, funda kubwa. Alirudi kilimani na maji mengine mdomoni, akasimama mbele ya Burnel aliyekuwa amepiga magoti, akamtemea usoni.

"Lamba," alisema. "Lamba, mnyama wewe. Ni nini?"

Burnel alilamba midomo yake. Ilikuwa chumvi. Ilikuwa chumvi ya ghuba, ile ile aliyoinywa maisha yake yote kila meli ilipozamisha pua majini.

"Ulitoboa sakafu," Corine alisema. "Hakuna sumu. Wewe mwenyewe umeiruhusu bahari iingie. Wewe mwenyewe!"

Hapo ndipo alipoanza kumpiga kwa mikono mitupu, usoni, juu ya maji yale ya chumvi, na watu wakamwacha apige mpaka akachoka.

Polisi walimfunga Burnel kamba ya nailoni na kumburuta hadi gatini. Walimpiga njiani na walimpiga alipofika, kwenye mgongo ule ule uliobabuka. Hakulalamika. Alikaa ndani kiangazi kilichobaki na mwanzo wa mvua. Siku walipomfungulia alimkuta dada yake kwenye lango.

"Nimefuta kesi," Corine alisema. "Nimefuta kwa ajili ya Mama. Ilva hawezi kumgeuza peke yake kitandani. Usiniambie asante, nitakutapikia."

"Ransel anasemaje?"

"Ransel hasemi. Anajifunza kushika spana na mkono wa kushoto."

Akatangulia mbele. Hakumgeukia hadi nyumbani.

Mvua zilikuwa zimekolea. Mapipa ya mabati yalijaa kutoka paani, na kisima cha chini nacho kilijaa, ingawa hakuna aliyekinywa tena. Kila nyumba ilikuwa na maji yake, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake. Ransel alipita kwenye ua kwenda gatini, mkono wa kulia umebaki dole gumba na kidole cha mwisho, kama koleo la kaa. Burnel akimwona alikuwa anaingia ndani. Ilva alikuwa anamcheka, kicheko cha uchungu. "Ulikuwa unamfuata na panga. Sasa unamkimbia na mikono mitupu." Burnel alimwomba Mungu jambo moja tu, mvua zisikatike. Zikikatika, atalazimika kupanda kile kilima.

Hazikukatika. Ulikuja upepo.

Redio ilisema tangu juzi yake, na watu walifanya yanayofanywa: mabati yakafungwa kwa kamba, mbuzi wakapelekwa kilimani, visima vikafunikwa mbao na mbao zikawekewa mawe. Burnel na Ilva walimbeba Mis Odelin kwenye kiti hadi kanisa la Moravian. Ulianza baada ya kifungua kinywa. Mwanzoni ni mlio tu, kama lori linalopanda mlima lisifike. Kisha madirisha yalipasuka yote kwa pamoja, na watu wakajilaza chini ya mabenchi. Upepo ulikata mnazi kama kisu kinavyokata ndizi. Bati moja liliingia kupitia dirishani likizunguka, likampata mwanamume aliyekuwa amesimama kushika mlango, na mlango ukafunguka kwa sababu hakukuwa na wa kuushika tena. Mkewe alimvuta kwa miguu hadi chini ya benchi, akamfunika, akaendelea kuongea naye. Burnel alilala juu ya mama yake. Vigae na misumari vilimpiga kwenye ile ngozi mpya ya mgongo. Mis Odelin alikuwa anaimba, sauti haisikiki, midomo inakwenda tu.

Adhuhuri kulitulia kidogo, wajinga wakatoka nje, kisha upepo ukarudi kutoka upande mwingine na kuleta ghuba pamoja nao.

Walipoteremka walikuta nyumba yao imebaki sakafu na ukuta mmoja. Mapipa hayakuwepo. Mvua yenyewe ilikuwa imechanganyika na bahari. Ukilamba jani, ni chumvi. Mbao za kisima zilikuwa zimekwenda na mawe yake. Maji ya kijivu yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, nguruwe wa mtu amevimba ndani yake, na choo cha jirani kimelala ubavu pale pale kama kimekuja kunywa.

Ilva alikanyaga msumari siku ile ile, ukatokea juu ya unyayo. Mis Odelin alianza kutapika. Alitapika hadi hakukuwa na cha kutapika, midomo yake ikapasuka, na alipoomba maji alikuwa anaomba kwa jina la marehemu mumewe. Walisema wanajeshi wangeleta maji kwa boti. Boti haikuonekana. Burnel alipasua madafu yaliyoanguka, akampa mama yake, naye akayarudisha yote.

"Nenda," Ilva alisema.

Hakuuliza aende wapi. "Atanikata."

"Basi akukate ukiwa umeshika ndoo."

"Ilva..."

"Mama yako anakufa, Burnel. Hafi kwa upepo. Anakufa kwa sababu ya kiburi chako, tena kwa mara ya pili. Mimi mguu sina, ningekwisha kwenda. Nenda!"

Alichukua dumu. Kilima kilikuwa kimebaki matope na mizizi iliyogeuzwa juu. Nyumba ya zege ya Corine ilisimama, paa halipo. Na kwenye kisima cha juu kulikuwa na foleni, nusu ya Old Bank, kila mtu na chombo chake, kimya. Kapi la kisima lilikuwa limeng'oka, watu walikuwa wanavuta kwa mikono. Ransel alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima, ubao wa paa umelala mapajani, anahakikisha hakuna anayeshusha chombo chake.

Burnel alisimama mwisho wa foleni. Mwanamke wa mbele yake aligeuka, akamtambua, akasogea pembeni ampishe, si kwa heshima. Wengine nao wakasogea. Foleni ilifunguka yote, akabaki yeye na Ransel na uwazi katikati.

Ransel alisimama. "Umeleta panga?"

"Nimeleta dumu."

"La nani?"

"La Mama. Anatapika, Ransel. Maji ya..."

Ubao ulimpata sikioni. Alisikia kengele, akayumba, akarudi mahali pake. Wa pili ulikuwa mbavuni. Ransel alipiga kwa mkono wa kushoto, vibaya, kama mtoto anavyopiga, lakini ulikuwa ubao wa mninga na ulikuwa na misumari. Mmoja ulimchana shavu. Burnel alihisi mikono yake inataka kuinuka. Aliishika kwenye mpini wa dumu, yote miwili, akakaza. Akiinua hata mmoja, wataanza tena, na kama wataanza tena atateremka bila maji. Alijua hivyo tu. Pigo la goti lilimwangusha. Alisimama. Pigo la mdomo lilimvunja meno, akatema, akasimama. Mtu kwenye foleni alisema, "Basi, jamani," na Corine, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mwache."

Haikujulikana alimaanisha nani amwache nani.

Ransel alipiga hadi mkono ukaishiwa. Ubao ulimponyoka wenyewe. Alikuwa analia, makamasi yamefika kidevuni, na hakujifuta.

"Pigana," alisema. "Pigana, mwanaharamu, nikuue vizuri."

"Nataka maji."

"Sogea nyuma."

Burnel hakuelewa.

"Sogea nyuma! Unavuja damu. Unataka iingie kisimani?"

Alisogea. Ransel akachukua kamba, akashusha ndoo. Ilipojaa alianza kuvuta. Alivuta kwa kushoto, kisha akajaribu kuibana kamba kwa ule mkono wa kulia ili wa kushoto ushike chini zaidi, na vile vidole viwili havikutosha, kamba ikateleza, ndoo ikaporomoka yote hadi chini. Watu wawili wakajitokeza kumsaidia.

"Asiguse mtu!"

Akaanza upya. Safari hii alipofika mahali pa kubadilisha aliinama akaing'ata kamba kwa meno, pale penye pengo ikapata mahali pa kukaa. Akasogeza mkono wa kushoto chini, akavuta, akang'ata tena. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kila alipong'ata alikuwa anamtazama Burnel, na Burnel alipoinamisha macho, Ransel aliacha kuvuta akasubiri hadi alipoyainua.

Ndoo ilifika juu. Akaishika kwa kiwiko, akamimina kwenye dumu polepole, hakumwaga hata tone. Akashusha tena. Dumu lile lilikuwa kubwa.

Lilipojaa alitema nyuzi za kamba.

"Kila siku utakuja," alisema. "Wewe. Si mke wako. Na kila siku nitakutekea mimi, na wewe utasimama hapo hapo."

"Sawa."

"Sikukuuliza kama sawa. Ondoka."

Burnel alilibeba dumu begani, upande usiovunjika. Aliteremka akikanyaga kwa uangalifu, kwa sababu njia ilikuwa tope na jicho moja lilikuwa limefunga. Ilva alimtazama uso, akapokea dumu. Mis Odelin alikunywa kijiko kimoja, kikakaa tumboni. Akanywa kingine. Jua lilipozama alikuwa amelala bila kutapika, na Ilva alikuwa ameosha kidonda cha mguu wake na kuanza kuosha vya mumewe.

Maji yaliisha asubuhi iliyofuata. Burnel alilitikisa dumu, akasikia kwamba ni tupu, akalichukua, akaanza kupanda.